Toeni orodha: barua ya wazi kuhusu kanda za muziki za Redio Tanzania

Kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), mrithi wa Redio Tanzania. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC). Nakala kwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki) na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Waheshimiwa,

Yuko mwanamuziki mmoja ambaye kila Mtanzania aliyekulia karibu na redio anamfahamu kwa masikio, hata kama jina lake halijui. Ni Mzee Morris Nyunyusa. Alikuwa haoni. Alizipanga ngoma zake zikamzunguka, kubwa na ndogo, akazipiga peke yake kwa mkupuo mmoja, na mdundo wake ndio uliotangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania kwa miongo. Ngoma zile zikilia, watoto walinyamazishwa, mwenye kijiko mkononi alikiweka chini, maana nchi ilikuwa inataka kusema jambo. Sekunde zile chache ndizo karibu zote ambazo wengi wetu tumewahi kuzisikia za mtu yule.

Lakini fundi wa kiwango kile hakupiga sekunde chache akakusanya ngoma zake akaondoka. Mbele ya watu alianzaje? Alipandisha wapi, alituliza wapi, aliziitaje ngoma ndogo zijibu kubwa? Kama upo utepe unaoonyesha hayo, upo kwenye rafu zenu. Na kama haupo, wananchi tunastahili kuambiwa kuwa haupo, ili tujue tumebaki na nini.

Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema ili hata asiye na muda wa kusoma barua nzima alione. Toeni orodha. Siombi kanda zenyewe leo, siombi tamasha, siombi jengo jipya la makumbusho. Naomba wananchi waandikiwe na wawekewe mahali wanapoweza kusoma: kuna kanda gani za muziki, za bendi gani, za kikundi gani cha taarabu au ngoma, wimbo gani, ulirekodiwa lini, una dakika ngapi, na utepe wenyewe uko katika hali gani.

Wapo watakaoliona ombi hili kuwa dogo mno. Si dogo, na chanzo chake ni namna muziki wetu ulivyorekodiwa.

Tangu Redio Tanzania Dar es Salaam ilipopewa jina hilo mwaka 1965 hadi redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, kwa Tanzania Bara mlango wa kurekodia ulikuwa karibu ni huo mmoja. Bendi iliingia studio pale Barabara ya Pugu, mashairi yakiwa yameshapitiwa, ikapiga nyimbo zake moja kwa moja, waimbaji na wapiga ala pamoja. Mpiga tumba akikosea, wote walirudia. Kilichopatikana kiliingia kwenye utepe wa sumaku wa robo inchi, utepe ukaviringishwa kwenye gurudumu lake, gurudumu likaingia kwenye boksi, boksi likaandikwa kwa mkono. Hakuna santuri iliyochapwa. Hakuna nakala zilizokwenda madukani. Wimbo ulichezwa kutoka utepe ule, ukasikika Bukoba mpaka Mtwara, watu wakaoana na kuachana nao, na muda wote huo utepe ulikuwa mmoja.

Tazameni tofauti kwa wale waliobahatika. Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba alifariki mwaka 1965 kwa ajali, akiwa na miaka 37 tu, na bado leo kijana wa Morogoro anaweza kumsikia vizuri, kwa sababu nyimbo zake zilitoka kwenye santuri za Mzuri, lebo ya wafanyabiashara wa Mombasa. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa Januari 1979, naye tunaye kwa wingi kwa sababu santuri zake zilitolewa Kenya na kuuzwa kila mahali. Santuri moja ikivunjika Tabora, nyingine ilikuwa salama Kisumu. Kilichowahifadhi wazee hao wawili ni biashara ya jirani.

Halafu Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa. Mipango ya sisi wenyewe kuwa na kiwanda cha kuchapa santuri haikuzaa matunda. Na kipindi hicho hicho ndicho muziki wetu wa dansi ulipokuwa umeiva kuliko wakati wowote. Bendi ya Mlimani Park ilianza mwaka 1978. Marijani Rajab alikuwa na Dar International. Vijana Jazz ya Hemedi Maneti, JUWATA ya jumuiya ya wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, bendi za majeshi, bendi za mashirika, kila mkoa na wake. Kazi zao kubwa za miaka ile ziliingia kwenye maboksi ya Barabara ya Pugu kwanza, na nyingi hazikutoka humo kwenda kokote isipokuwa hewani.

Kwa hiyo tunaposema fulani alikuwa mkubwa lakini hakuacha rekodi nyingi, mara nyingi hatuelezi ukweli wote. Aliziacha. Aliziacha mikononi mwa serikali.

Mfikirieni Patrick Balisidya, mtoto wa Mvumi, Dodoma, kiongozi wa bendi ya Afro 70. Alipiga gitaa, alipiga kinanda, aliimba, alitunga, na aliiwakilisha nchi hii kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi, kule Lagos mwaka 1977. Alifariki Agosti 2004. Mtu akitaka kununua albamu yake nzima iliyorekodiwa kwa mitambo mizuri, atapelekwa kwenye ile aliyoifanya na wanamuziki wa Sweden, na baada ya hapo anaanza kuokoteza wimbo mmoja mmoja. Kwa msanii wa ukubwa ule! Hainiingii akilini kwamba mtu aliyefanya kazi miaka mingi kiasi kile aliacha nyimbo chache hivyo. Naamini zipo nyingine. Naamini pia kwamba siku orodha itakapotoka, jina lake litajaza kurasa.

Upande wa Zanzibar hali ina sura yake. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zake zikamfikisha pwani yote. Lakini upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu na ushei tu. Anayejua taarabu anajua dakika tatu ni nini: ala hazijamaliza kukaribishana, mwimbaji hajarudia beti mara mbili, hajatunzwa hata mara moja. Siti aliyekesha akiimba mbele ya watu mpaka alfajiri hatutamsikia kamwe. Tuliye naye ni wa vipande, na hata vipande hivyo vimetawanyika mikononi mwa wakusanyaji na kwenye hifadhi za ng'ambo, wakati kaburi lake liko kwetu.

Bi Kidude naye, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, aliimba na kupiga ngoma maisha yake yote mpaka alipofariki Aprili 17, 2013. Albamu zenye jina lake zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na zilikuja akiwa bibi kizee, sauti ikiwa imeshakwaruzwa na miaka. Tunaipenda sauti ile. Lakini ya ujanani mwake ilikuwaje? Ngoma za unyago alizopiga, za kuwafunda wasichana, zina mambo yake yasiyokusudiwa kusikilizwa na kila mtu, na hilo liheshimiwe kwenye orodha yoyote. Nyimbo zake za taarabu ni suala jingine. Kama Sauti ya Zanzibar iliwahi kumrekodi kabla dunia haijamgundua, ZBC ndiyo ya kutuambia.

Niwaeleze jambo moja kwa karibu, ili muone hasara hii inavyofika nyumbani kwa mtu. Nakusanya kaseti za zamani, zile ambazo watu walirekodi kutoka redioni. Ninayo moja ambayo siiachi. Wimbo unaanza ukiwa njiani, kwa sababu aliyerekodi alichelewa kubonyeza. Mwimbaji anamlalamikia rafiki aliyekopa fedha akahama mtaa. Ubeti wa tatu ukiisha, gitaa la solo linatoka chini taratibu, la rizimu linalifuata nyuma kama kivuli, na pale linapofika juu kabisa mtangazaji anaingia kutaja saa. Wimbo unazama chini ya sauti yake na kaseti inakatika. Jina la bendi halisikiki. Wazee niliowasikilizisha wametofautiana: mmoja anasema hiyo ni bendi ya Tabora, mwingine anaapa ni ya Tanga na anamtaja mpiga solo kwa jina la utani. Wa tatu aliusikiliza mpaka mwisho akaomba tu niurudie. Jibu la ubishi huo, kama lipo, limeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa boksi.

Na wenye kujua yale ambayo karatasi haisemi wanaondoka. Boksi huandikwa jina la bendi na la wimbo. Nani alipiga solo la pili, nani aliitikia, nani alitunga lakini akaandikwa mwingine, hayo yako vichwani mwa watu. Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwepo tangu bendi ya NUTA Jazz ya mwaka 1964, alifariki Aprili 2014. Shem Ibrahim Karenga wa Tabora Jazz alifariki Desemba mwaka huo huo. Bi Shakila, mwimbaji wa taarabu, tukamzika Agosti 2016. Kila mmoja wao angekaa mbele ya kipaza sauti siku moja na kutegua mafumbo ya miaka ishirini. Wapo ambao bado tunao leo, Dar es Salaam, Morogoro, Tanga, Mwanza, wengine wakiwa wapiga solo wa zamani wanaofuga kuku na hakuna anayewauliza kitu. Orodha ikiwa hadharani, wataisoma, au watasomewa na wajukuu zao kwenye simu, na watasema: huo niliupiga mimi.

Sasa utepe wenyewe. Mafundi mitambo wenu wanajua haya kuliko mimi, lakini wanaoidhinisha fedha huenda hawajaelezwa. Sauti kwenye utepe imebebwa na unga wa sumaku, na unga huo umeshikiliwa na gundi. Kwenye aina nyingi za utepe gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam hamhitaji niwaeleze. Ikishalainika, utepe unaponata na kupita kwenye mashine huacha vumbi la kahawia, na vumbi lile ndiyo sauti yenyewe. Mtu akiucheza utepe mgonjwa kwa pupa anaweza kuusikia mara moja na kuupoteza kwa mara hiyo hiyo. Tiba ipo: hupashwa joto dogo, nyuzi 50 na kitu, kwa saa nyingi, kisha unapatikana muda mfupi wa kuunakili kabla haujarudia hali yake. Lakini tiba hiyo inahitaji mashine nzima ya kuuchezea, vichwa vyake, mikanda yake, vipuri ambavyo viwanda viliacha kuvitengeneza, na fundi anayeijua. UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti walianza kutoa tahadhari mwaka 2019 kuhusu kanda za sumaku duniani kote, na mwaka 2025 ndio uliotajwa mara kwa mara kuwa kikomo cha kazi hiyo kufanyika kwa wingi. Kwa hiyo hatuna tena nafasi ya kuanza na kanda yoyote inayoshikwa kwanza na mkono. Lazima ianze iliyo mahututi na isiyo na nakala popote. Itajulikana vipi bila orodha?

Najua kuna juhudi zilizowahi kufanyika. Mwaka 2012 vijana walianzisha mradi wa kuchangisha fedha mtandaoni ili kanda hizi ziingizwe kwenye kompyuta, na watu wa nchi nyingi wakachanga. Hilo lilionyesha kiu ya watu. Lakini hifadhi ya taifa haiwezi kutegemea michango ya wapenzi wa muziki.

Najua pia kinachowatia hofu: haki. Wakati nyimbo zile zinarekodiwa, bendi zililipwa ujira wa mara moja, na mikataba mingine huenda haikuandikwa kabisa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ikaja baadaye. Bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika na jumuiya ambazo nyingine zimekufa. Mwanasheria yeyote akiangalia fundo hilo atashauri milango ibaki imefungwa. Naomba mlitazame kwa upande wa pili. Orodha haivunji haki ya mtu. Kuandika kwamba bendi fulani ilirekodi wimbo fulani Machi ya mwaka fulani si kuuza wimbo huo. Na COSOTA haiwezi kumlipa mjane wala yatima kwa wimbo ambao hakuna anayejua kuwa upo. Marijani Rajab alifariki Machi 1995 akiwa na miaka 40. Familia za watu wa namna hiyo zinapaswa kuwa za kwanza kupewa kurasa zinazowahusu, zikiwa na mhuri, bila kuzungushwa.

Kuna linaloniuma zaidi. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa nchi yetu na chombo cha kurekodia kwenye mitungi ya nta, na sauti za watu wa nyanda za Makonde alizozinasa ziko Berlin mpaka leo, zimehifadhiwa na kuorodheshwa. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika akarekodi, na kazi yake iko Makhanda, Afrika Kusini, kwenye hifadhi ambayo ilishachapisha katalogi yake tangu mwaka 1973. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaweza kujua wageni walirekodi nini kwa babu zake kabla ya Uhuru kwa urahisi kuliko anavyoweza kujua redio ya nchi yake ilirekodi nini baada ya Uhuru. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, karibu miaka ishirini kabla Sauti ya Dar es Salaam haijaanza kurusha matangazo mwaka 1951. Ya miaka ile yalikwenda na waliokuwepo ukumbini na hatuna wa kumlaumu. Ya baada ya 1965 yana mwenye kuulizwa.

Tusiambiwe kwamba haiwezekani kwa nchi kama yetu. Guinea iliweza. Redio na televisheni ya taifa pale Conakry ilikuwa na kanda za tangu enzi za rais wa kwanza, Sékou Touré, vumbi, joto na misukosuko ya siasa kama ilivyo kwingine. Kuanzia mwaka 2008 mtafiti Graeme Counsel, akisaidiwa na mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, alifanya kazi na watu wa redio hiyo, boksi kwa boksi, na zikapatikana nyimbo 9,410. Zimeorodheshwa na zinasikilizwa.

Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, na hotuba huwa nzuri. Nyimbo zilizo kwenye kanda hizo ni mashairi ya Kiswahili yaliyotungwa na watu wa viwandani, bandarini, mashambani na kambini, kwa lugha ya siku ile, wakisema juu ya njaa, vita vya Kagera, mahari, foleni za sukari, mapenzi na vifo. Nionyesheni hazina nyingine ya lugha yetu iliyo kubwa kiasi hicho, na inayotegemea nakala moja moja.

Namna ya kulifanya nadhani si ngumu, na nalisema kwa heshima kwa wanaojua kazi. Teueni watu wachache, mkiwemo wakutubi wa muziki wa TBC wa sasa na wastaafu walioyaandika maboksi hayo kwa mikono yao. Wapeni simu zenye kamera na kompyuta. Wasicheze utepe wowote kwa sasa; wapige picha ubavu na kifuniko cha kila boksi, waandike kilichoandikwa kama kilivyo, hata kama kimekosewa, na waweke alama ya hali ya utepe kwa kuuangalia na kuunusa. Wanafunzi wa ukutubi na wa sanaa wanaweza kufanya hivyo kama mafunzo kwa vitendo. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iwasimamie kwa utaratibu wake. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ugharamie chakula, nauli na diski za kuhifadhia. Kila inapokamilika rafu moja, kurasa zake zitolewe bila kungoja nyingine, kwenye tovuti na kwa karatasi katika ofisi za utamaduni za wilaya, kwa sababu wazee tunaowahitaji wengi hawako mtandaoni. ZBC ifanye vivyo hivyo Unguja na Pemba.

Oktoba 27 ya kila mwaka ni Siku ya Urithi wa Sauti na Picha Duniani. Naomba rafu ya kwanza itolewe siku hiyo inayokuja, na ianze na herufi N, Nyunyusa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msikilizaji wa redio,
Dar es Salaam